Likizo ya kisiwani na mtoto mdogo: panga kwa mwezi na maji kabla ya kulipia chumba

Familia nyingi za Nairobi hupanga safari ya kisiwani kwa kuanza na bei ya chumba, kisha tiketi ya ndege, kisha ruhusa ya kazini. Ukiwa na mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5, utaratibu huo utakuponza. Picha ya hoteli ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Wewe unashuka ufukweni saa nne asubuhi, mtoto amevaa nguo za kuogelea na ndoo iko mkononi, bahari imekwenda zake mamia ya mita, na kati yako nayo kuna matope, mawe na miiba. Yanaporudi maji saa tisa, mtoto amelala, au analia kwa uchovu wa jua.

Geuza utaratibu. Tazama mwezi kwanza, halafu upepo, halafu kisiwa, halafu nyumba ya kulala. Ndege iwe ya mwisho.

Kuhesabu maji

Pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Nusu ya mwezi huleta maji mafu, na hapo tofauti hushuka hadi kama mita 1, bahari isiende mbali sana hata ikipwa.

Jambo ambalo wageni wa bara hawalijui ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana mwezi hadi mwezi. Kuanzia Lamu hadi Unguja, siku ya bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: hujaa karibu saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukisia bila simu. Tarehe 1 na 15 ni bamvua, na tarehe 7 au 8 na 22 au 23 ni maji mafu.

Kwa mtoto mdogo, wiki nzuri kuliko zote huanza siku ya 5 baada ya mwezi mpya au mpevu. Tuseme mwezi ni mpevu Jumapili. Ukifika Ijumaa, maji yatajaa karibu saa mbili asubuhi, Jumamosi saa tatu, Jumapili saa nne, Jumatatu kama saa tano. Mtoto anaoga bahari kabla ya jua kukaza, anakula, analala. Katika siku hizi za maji mafu saa zinaweza kuruka zaidi ya saa nzima kwa siku, kwa hiyo pata jedwali la siku husika. Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la Kilindini kila mwaka, na programu za simu zipo tele. Chagua Lamu, Mombasa au Zanzibar kwa jina, kwa sababu ukiiacha programu ijichagulie mahali ukiwa bado Nairobi, itakupa bandari yoyote iliyo karibu nayo.

Bamvua yenyewe si mbaya kwa mtoto anayelala mchana. Analala saa saba, anaamka saa tisa, maji yanamsubiri hadi saa kumi na moja na jua limeshapoa. Asubuhi maji yakiwa yamepwa anachezea vidimbwi vya mwambani akiwa na viatu vya mpira. Siku za kuepuka ni zile za 2 hadi 4 baada ya mwezi mpya au mpevu. Maji hujaa alfajiri na magharibi, hupwa adhuhuri, na bado yana nguvu ya bamvua, hivyo yanakwenda mbali kabisa. Familia iliyochukua siku tatu tu, ikaangukia hizo, itarudi ikisema kisiwa hakina bahari.

Upepo, mvua na kalenda ya shule

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi: joto kali, na usiku usio na upepo chumba kinakuwa tanuri. Kusi huanza Aprili na kukaza Juni hadi Agosti: hewa baridi kidogo, mawimbi makubwa nje ya mwamba, upepo wa kurusha mchanga machoni kwa fukwe zinazotazama mashariki. Kati yake kuna tanga mbili, yaani vipindi vya upepo kugeuka, na ile ya Oktoba na mwanzo wa Novemba ndiyo tamu kwa watoto. Bahari imetulia, joto halijapanda, na wageni ni wachache kuliko Desemba.

Tatizo ni shule. Likizo ya Aprili huangukia masika, mvua kubwa za mwisho wa Machi hadi Mei, na hoteli kadhaa za Lamu hufunga milango kipindi hicho hadi Juni. Agosti inafaa kwa mtoto asiyevumilia joto, mradi uchague ufukwe uliojikinga na kusi. Desemba bei hupanda na ndege hujaa. Mwenye mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza ana bahati ambayo haitadumu, basi asiitupe kwa kung'ang'ania Desemba. Aende Oktoba.

Tazama pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mjini Lamu na Mji Mkongwe mikahawa mingi hufungwa mchana, na kumlisha mtoto barabarani si adabu hata kama yeye halazimiki kufunga. Mlishe ndani, au uchague nyumba yenye jiko.

Kisiwa kipi

Lamu ni karibu na haihitaji pasipoti. Ndege hutoka Wilson na JKIA, hutua kisiwa cha Manda, na kutoka hapo ni boti. Hakuna barabara ya magari mjini. Kuna punda na vichochoro. Mzazi wa Nairobi anayemshika mtoto mkono kila dakika kwa hofu ya bodaboda atapumua hapo, ingawa punda mwenye mzigo hana breki, na mtoto anapaswa kufundishwa kujibanza ukutani anaposikia kwato. Kigari cha kusukuma kiache nyumbani. Hakipiti mchangani wala kwenye ngazi za kijiji cha Shela. Chukua mbeleko au leso mbili imara.

Shela ina ufukwe mrefu wa mchanga, kilomita kadhaa, lakini hauna kivuli wala mwamba wa kuvunja mawimbi. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda una mkondo mkali maji yanapokuwa katikati ya kujaa au kupwa. Mtoto aogee pembezoni, saa ambayo maji yamesimama, yaani karibu na kilele cha kujaa. Na usiende Lamu kwa basi ukiwa na mtoto mdogo. Safari ni ya kutwa nzima au usiku kucha, inaishia Mokowe ambako bado unapanda boti, na kipande cha kutoka Garsen kwa miaka mingi magari yamekuwa yakisindikizwa na askari. Soma tahadhari za usalama za wakati huo kabla ya kulipa.

Unguja ina fukwe za tabia mbili. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaweza kuogelea karibu saa zote, maana bahari haikimbii. Ila kina kinaongezeka haraka na boti ni nyingi. Paje, Bwejuu na Jambiani, mashariki, zina mwamba mbali na ufukwe: maji yakijaa unapata bwawa kubwa tulivu la kiunoni, yakipwa unapata uwanja wa kutembea. Mtoto wa chini ya miaka 3 asiyeogelea anafaidi mashariki kuliko kaskazini, kinyume na ushauri unaosikika kila mahali, mradi umehesabu maji kama ilivyoelezwa. Mtoto wa miaka 5 anayeanza kuogelea apelekwe Kendwa. Upande wa mashariki utaona vijiti na kamba zimepangwa majini. Hayo ni mashamba ya mwani ya akina mama wa kijiji. Mtoto asiyakanyage, atajikwaa, na ataharibu jasho la mtu.

Ukitaka kubaki Kenya bila kuruka hadi Lamu, kipo Chale, kisiwa kidogo kusini ya Diani. Kisiwa cha Wasini kinafaa zaidi kwa mtoto wa miaka 5 na kuendelea, kwa sababu raha yake iko kwenye boti na kuchungulia samaki kwa miwani katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na saa tatu za boti kwa mtoto wa miaka 2 ni adhabu kwa wote waliomo.

Mauritius na Ushelisheli zina jambo moja kubwa: hazina malaria. Kwa mtoto mchanga, au mwenye siko seli, hilo peke yake linaweza kuamua. Gharama ni kubwa zaidi, na ndege ya Mauritius ni kama saa nne angani. Kumbuka Juni hadi Septemba ni majira ya baridi huko. Upepo wa kusini mashariki unauma.

Maswali ya kuiuliza hoteli

Piga simu, usitegemee tovuti. Uliza: maji yakipwa, mbele ya hoteli kuna mchanga au mawe? Bwawa la kuogelea lina uzio wenye mlango unaojifunga? Mara nyingi jibu ni hapana, basi omba chumba kisichofunguka moja kwa moja kwenye bwawa. Chandarua kinafunika kitanda cha mtoto pia, au kitanda kikubwa tu? Umeme ukikatika, jenereta inaendesha feni za vyumbani au taa za mapokezi pekee? Kuna jokofu chumbani la kuwekea maziwa na dawa?

Nyumba za kupanga za Lamu na Mji Mkongwe zinahitaji swali la ziada. Ngazi zake ni za mawe, zimesimama wima, nyingi hazina pa kushika. Darini kuna ukuta mfupi wa kukaa watu wazima, ambao mtoto wa miaka 3 anaupanda kwa sekunde chache. Uani huweza kuwa na birika la maji lisilofunikwa. Omba video ya ngazi, ya dari na ya ua. Kama mwenye nyumba anatuma picha za machweo tu, tafuta nyingine. Ukishaichukua, lala ghorofa ya chini, na uzibe ngazi kwa meza au benchi la chumbani siku ya kwanza kabla hujafungua mabegi.

Ulizia pia hospitali. Lamu ni Hospitali ya King Fahd, mjini. Unguja hospitali kubwa ya rufaa ni Mnazi Mmoja, mjini. Upande wa Nungwi kuna Kivunge. Kutoka Paje hadi mjini ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, kwa hiyo jua mapema ni nani mwenye gari usiku, na uandike nambari yake. Bima yenye kusafirisha mgonjwa kwa ndege ni ya lazima kwa akili zetu. AMREF Flying Doctors wako Wilson na huuza uanachama wa mwaka. Soma maeneo uanachama huo unayofika kabla ya kulipia.

Karatasi

Kwa Unguja kila mtoto anahitaji pasipoti yake, hata mwenye mwezi mmoja. Kitambulisho cha taifa kinachokuvusha kwenda Uganda hakitumiki Tanzania. Maombi ya pasipoti hupitia eCitizen na yanataka cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na barua ya ridhaa yao. Anza miezi mitatu kabla. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kama majina ya ukoo yanatofautiana.

Kadi ya njano ya homa ya manjano hudaiwa kwa anayetoka Kenya kuingia Zanzibar, Mauritius au Ushelisheli, kwa mtu aliyetimiza mwaka 1. Chanjo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki za Nairobi, hivyo ile kadi ya kliniki haikusaidii. Mtoto hachanjwi kabla ya miezi 9, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Hapa wengi hukwama: chanjo ya surua nayo ina virusi hai, hivyo mbili hizo zitolewe siku moja au zipishane kwa wiki 4. Mtoto anayekaribia chanjo ya surua ya miezi 18 apangiwe mapema. Zanzibar pia ina bima ya lazima kwa wageni. Ithibitishe na uilipie kupitia tovuti rasmi, kwa kuwa kuna tovuti bandia zinazotoza zaidi.

Safari yenyewe

Mtoto wa chini ya miaka 2 hukaa mapajani na kwa kawaida hulipa sehemu ndogo tu ya nauli, mara nyingi kama asilimia 10. Akitimiza miaka 2 mkiwa kisiwani, tiketi ya kurudi ni ya kiti kamili. Angalia tarehe kabla ya kununua. Ndege ndogo za Wilson mara nyingi huruhusu kilo 15 na hutaka mfuko laini, si sanduku gumu. Chukua ndege ya asubuhi. Ya jioni ikichelewa, unavuka kutoka Manda gizani na mtoto usingizini.

Masikio huuma ndege inaposhuka kuliko inapopaa, na kushuka huanza kama dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Mwamshe mtoto wakati huo, mpe titi, chupa au kitu cha kunyonya. Ukimpa maziwa yote mnapopaa, utakosa cha kumpa panapohitajika. Mwenye mafua makali na masikio yanayouma aonwe na daktari kabla ya kupanda.

Kiti cha mtoto cha garini beba chako. Teksi za uwanja wa Zanzibar hazina, na barabara ya Nungwi ni zaidi ya saa moja. Kwa boti beba jaketi la kuokoa maisha la kilo za mtoto wako, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu na shingo ya kunyanyua kichwa. Manahodha wengi wana jaketi za watu wazima tu, na mtoto huchopoka humo kama samaki. Maboya ya mikononi ni mchezo. Usiyahesabu kuwa kinga.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Zanzibar kabla ya hapo, kwa hiyo nguo mbichi na nepi chafu zitiwe kwenye mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji. Kwa usiku 5 hesabu nepi 30 kwa mtoto wa mwaka mmoja, na nepi za kuogelea 2 kwa siku. Zile za kawaida hunywa maji hadi zikamvuta chini. Zote nunua Nairobi. Madukani Shela utapata, ila si lazima upate saizi.

Jua, chumvi na miiba

Nairobi asubuhi ya Julai inaweza kuwa nyuzi 13. Pwani hata usiku ni kama 22, na unyevu ni mwingi. Siku mbili za kwanza mtoto hula kidogo, hulala vibaya na hutoka vipele vya joto shingoni na kwapani. Si ugonjwa. Mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe, mvalishe pamba nyepesi, na usimpake mafuta mazito ya mgando uliyozoea kwa baridi ya Nairobi, maana yanaziba vinyweleo. Siku ya kufika msipange chochote.

Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mtoto awe kivulini. Ngozi nyeusi nayo huungua, ila wekundu hauonekani upesi, na ndiyo sababu mzazi huchelewa kugundua. Nguo ya kuogelea ya mikono mirefu na kofia yenye kitambaa cha shingoni zinafanya kazi kubwa kuliko krimu. Krimu iwe SPF 30 hadi 50, ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa 2 na kila akitoka majini. Mwili wa mtoto usiofunikwa humaliza karibu mililita 15 kwa mpako mmoja. Kwa mipako 3 ya siku na siku 5, hizo ni mililita 225. Mwenye nguo ya mikono mirefu atatumia nusu. Wa chini ya miezi 6 akae kivulini tu, bila krimu.

Mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji kama lita 1.3 za maji kwa siku, ya kwenye chakula na maziwa yakiwemo, na pwani aongezewe. Usisubiri aombe. Mpe kidogo kila nusu saa, na utazame mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au nepi ikikaa kavu saa 6, yuko nyuma.

Majini, mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina ndiye mlinzi, hatua moja kutoka kwa mtoto, simu ikiwa chumbani. Mkiwa watu wazima sita na kila mmoja anadhani mwenzake anatazama, hakuna anayetazama. Mtoto anayezama hapigi kelele. Ogeleeni kuanzia saa mbili kabla ya kilele cha kujaa hadi kama saa moja baada yake. Maji yakianza kupwa kwa kasi, toka penye mifereji kwenye mwamba, maana hapo ndipo yanapopitia kurudi baharini.

Viatu vya mpira havivuliwi. Kuna wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu wanaokaa mawe na majani ya bahari. Mwiba ukiingia, usiuchimbe kwa pini, kwa sababu hukatika vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia mtu mzima aliyeyajaribu kwa kiwiko, kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha toa kwa kibanio kile kinachochomoza tu. Mingine huyeyuka yenyewe baada ya siku kadhaa. Uliozama kwenye kiungo uonwe na daktari. Akichomwa na konyeza, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, ondoa nyuzi kwa kibanio, usisugue mchanga.

Chakula na tumbo

Wali wa nazi, mbaazi, mahamri, ndizi na papai ni chakula cha mtoto tayari. Tamka "bila pilipili" wakati wa kuagiza, kwa sababu mchuzi ukishapikwa haupunguzwi. Samaki mpe jodari au nguru, ambao vipande vyao vina mifupa mikubwa inayoonekana. Changu na tasi ni watamu lakini mifupa yao ni sindano. Barafu na juisi za barabarani ziache. Dafu linalofunguliwa mbele yako ni salama.

Akiharisha, dafu halitoshi. Beba pakiti 4 za ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki kutoka Nairobi, na usome kwenye pakiti kama ni ya nusu lita au lita moja, maana zote zinauzwa. Ukikosea, chumvi inakuwa maradufu. Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi. Aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Kwa kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa wa chini ya miezi 6. Damu kwenye choo, macho yaliyozama au kulegea ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Mbu na homa

Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya malaria. Unguja imeipunguza sana, lakini haijaisha, na mvua huirudisha. Muone daktari wiki 3 kabla. Dawa ya kinga inayotumika sana kwa watoto, mchanganyiko wa atovakoni na proguanili, huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari, humezwa kila siku pamoja na chakula au maziwa, na huendelea siku 7 baada ya kuondoka. Kipimo ni kwa kilo, kwa hiyo mpime mtoto wiki hiyo. Doksisaiklini si ya watoto wa chini ya miaka 8. Kuanzia magharibi avae mikono na suruali ndefu nyepesi, na apakwe dawa ya mbu yenye DEET, si kwenye viganja anavyotia mdomoni. Mpako wa krimu ya jua hutangulia, wa mbu hufuata.

Homa ikianza kisiwani, paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24, na kipimo cha damu kifanywe siku hiyo hiyo. Aspirini usimpe.

Malaria huonekana siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mara nyingi homa huja mkiwa mmesharudi Nairobi, mtoto yuko shule ya chekechea, na daktari anafikiria mafua. Kwa miezi 3 baada ya kurudi, homa yoyote itajwe pamoja na safari: "Tulikuwa Lamu tarehe fulani." Omba kipimo cha malaria hata kama hukuulizwa. Kikiwa hasi na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24.